Swali Lililochukua Kiti cha Somoe

Wiki mbili zilizopita nilikodi bodaboda kutoka Chiungutwa kurudi nyumbani Masasi. Kijana aliyenibeba alikuwa amelaza mfuko wa salfa, dawa ya mikorosho, mbele yake juu ya tangi, anampelekea mtu. Kwenye shimo la kwanza mfuko ukachanika, unga wa njano ukapeperuka na kutujaa usoni sote wawili. "Samahani mama, fumba macho," akasema. Macho nikafumba, lakini pua haifumbiki. Kabla hatujafika lami nilikuwa nimesharudi kwenye umri wa miaka kumi na minne, nimekaa sakafuni kwenye darasa lisilo na madirisha kule Newala, nimenyoosha mkono, nina swali.

Wenzangu wa rika langu mliosoma sekondari za kata zilipokuwa bado zinanuka saruji mbichi, habari hii mtaielewa upesi. Na niseme mapema nisije nikamdanganya mtu: mbaya wa habari hii ni mimi. Anayetafuta mtoto wa kumwonea huruma asinitazame mimi, amtazame aliyekuwa amekaa mbele yangu.

Huyo alikuwa Somoe. Tulitoka kijiji kimoja upande wa Mkunya, tukamaliza shule ya msingi pamoja, na tulichezwa unyago msimu mmoja. Kwetu waliochezwa pamoja ni zaidi ya ndugu. Ndugu unaweza kukosana naye, mwenzako wa unyago huwezi. Somoe aliishi na bibi yake, lakini mwenye kauli juu yake alikuwa mjomba, kama ilivyo kwetu Wamakonde kwamba mtoto ni wa upande wa mama. Mjomba huyo alikuwa fundi seremala, na tena alikuwa na mikorosho mingi.

Barua ya kujiunga na kidato cha kwanza ilidai kila mtoto aje na meza na kiti chake. Mjomba alimtengenezea Somoe vyote viwili kwa mbao ngumu, akavipiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hakikwami popote. Kisha akamwambia mbele ya bibi, na mimi nikiwepo pale jikoni namenya mihogo: "Kiti chako hiki. Siku nikikukuta umekaa chini, nitajua shule imekushinda, na hatutabishana. Utarudi tukapulize mikorosho."

Hakuwa anatania. Mjomba yule sijawahi kumsikia akitania.

Mimi baba aliniambia kiti kitakuja na msimu wa korosho. Msimu ukaja, korosho zikauzwa, bati za nyumba zikanunuliwa, kiti hakikuja. Nikakaa chini, kwenye sakafu ya udongo, pamoja na nusu ya darasa. Udongo wa kwetu mnaujua, mwekundu, haung'oki kwenye nguo hata ufue na majivu. Ukikaa chini unainuka na alama mbili nyuma ya sketi, na wavulana wanazichungulia na kuzipa majina. Mwalimu akitoka, Somoe alikuwa ananipisha nusu kiti. Alisogea tu na kugonga ubao wa kiti kwa kiganja: njoo. Nilikwenda nikakaa. Na nilimchukia kwa kunipisha. Sijui kama yupo atakayenielewa hapo, ila ndivyo ilivyokuwa. Kila nilipokaa kwenye ile nusu nilikuwa naiwaza nusu ya pili.

Mwalimu wetu wa Kiingereza tumwite Mwalimu Kisanga. Alikuwa kijana, shati limenyooshwa, kalamu mbili mfukoni, na alitoka mikoa ya mbali. Wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zote zilikuwa za Kiingereza, kwa sababu miaka saba tulikuwa tumefundishwa kila kitu kwa Kiswahili, na nyumbani tunasema Kimakonde, sasa ghafla baiolojia na historia vinatakiwa viingie kichwani kwa lugha ya tatu. Mwalimu Kisanga aliamini dawa ni mjadala. Aliandika juu kabisa ya ubao, KUULIZA SI UJINGA, akakataza maneno hayo yasifutwe. Kisha akatufundisha utaratibu. Mwenye swali anyooshe mkono, aombe ruhusa, amtaje anayemuuliza. Aliyeulizwa asimame wima, amtazame mwenzake, kwanza ashukuru, *Thank you for your question*, ndipo ajibu. Asiyejua aseme sijui, naomba unifafanulie. Mambo mazuri kabisa. Hadi leo na mimi nafundisha hayohayo.

Lakini darasa lilinyamaza. Siku ya kwanza, wiki ya kwanza, wiki ya pili, kimya. Alituchapa safu kwa safu, kimya. Yeye alidhani ni uvivu. Laiti angekaa siku moja uani kwetu angeelewa. Kwetu mtoto akiulizwa, ujue ana kosa. Mama anapouliza nani amemaliza mboga, hatafuti habari, anamtafuta mtu. Na mtoto akimuuliza mkubwa, anaambiwa una maswali kama karani wa mahakama, toka hapa. Kwa hiyo tulipoambiwa tuulizane, sisi tulielewa tumeambiwa tushtakiane. Nani ataanza kumshtaki mwenzake hivihivi, bila ugomvi? Mimi niliamini kabisa kwamba swali la Kiingereza ni namna ya kumkamata mtu, na kwamba wasomi wote wakubwa wamefika walipofika kwa kukamata wenzao.

Aliyevunja kimya ni Bakari, mvulana mcheshi wa safu ya nyuma. Mwalimu alimuuliza swali, Bakari akasimama, akashukuru vizuri, kisha akakwama. Akakuna kichwa, akasema kwa Kiswahili, "Mwalimu, nakupa mji. Nakupa Newala." Kama kwenye vitendawili: aliyeshindwa humpa mtegaji mji, mtegaji anakwenda huko, anarudi na jibu. Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu Kisanga naye akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Tulifurahi sana kumchekesha. Laiti tusingefurahi.

Kesho yake alikuja na kanuni mpya. Kila Ijumaa kutakuwa na mjadala, na kila mtu lazima aulize mara moja, asiyeuliza atachapwa. Aliyekaa chini akimuuliza aliyekaa kwenye kiti, na wa kwenye kiti akashindwa, atatoa mji. "Na mji wenu," alisema, akapiga meza ya mbele kwa fimbo, "ni hiki mlichokalia." Msichana mmoja akasema kwa sauti ndogo kwamba viti vimeletwa na wazazi. Mwalimu akamjibu kwamba kikishavuka lango la shule ni cha shule. Akaongeza kwamba maswali ya nini na wapi hayahesabiki, mji unachukuliwa kwa swali la kwa nini, maana hapo ndipo penye fikra.

Ijumaa ile viti vitano vilihama. Kimya kiliisha kabisa, mikono ikawa juu kama msitu. Mwalimu aliwaita walimu wenzake waje waone.

Watoto lakini si wajinga. Wiki ya pili tu tulishapata ujanja. Wa chini na wa kwenye kiti walikuwa wanapatana wawili wawili: mimi nitakuuliza hili, wewe utajibu hivi, mimi naepuka fimbo, wewe unabaki na kiti chako. Mwenye kiti alitoa shukrani kwa muhogo wa kuchoma, au mabungo, au kuazima rula. Mimi na Somoe tulipatana bila muhogo. Nilimtungia swali: kwa nini unapenda shule? Na jibu nikamtungia: kwa sababu nataka kuwa nesi, nimtibu bibi yangu. Kiingereza kilikuwa kinampita Somoe kama upepo. Hesabu aliweza, kuchora aliweza, ila maneno yale hayakumkaa. Alikariri jibu njiani kwenda shule, neno kwa hatua, mguu wa kulia neno, mguu wa kushoto neno. Na kwa kuwa hakuweza kusikia swali likiulizwa kwa kasi, alikuwa na njia yake: hasikilizi. Anasubiri mimi nikae chini, kisha anasimama, anashukuru, anatoa jibu. Tulifanya hivyo Ijumaa tatu, na mwalimu hakushtuka, maana watu walikuwa wengi na yeye alipenda kusikia sauti tu.

Ukaja wakati wa kupuliza mikorosho. Salfa hupulizwa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani ili unga ushike. Mjomba alibeba mashine mgongoni, Somoe akabeba mfuko na kazi yake ikawa kumjazia unga kila ukiisha, kanga imefungwa usoni, macho tu nje. Kukipambazuka anavaa sketi ya shule hukohuko shambani na kukimbia. Maji ya kuoga asubuhi angeyatoa wapi? Mnajua shida ya maji juu kule, ya kunywa yenyewe yalipangiwa foleni ya ndoo. Alikuja darasani macho mekundu, nywele zina njano kwenye mizizi, na harufu ile inayokaba koo. Wapo wengine walionuka, lakini si kama yeye. Wavulana walianza kubana pua.

Ijumaa hiyo asubuhi mwalimu alitoka kidogo. Nikainuka, kama kawaida yangu, niende kwenye nusu yangu ya kiti. Somoe hakusogea. Akaniinamia, akasema taratibu, "Fatu, leo usikae na mimi."

Basi, hayo tu. Leo mtu mzima naisikia sentensi ile na najua alichosema. Alisema nanuka, wakikuona nami watakucheka na wewe. Alikuwa ananilinda. Ila mtoto wa miaka kumi na minne mwenye alama mbili nyekundu nyuma ya sketi alisikia kitu kingine: kiti ni changu, toka. Na mbele ya watu. Nikarudi chini, masikio yanaungua, nikasema moyoni, kumbe siku zote ulikuwa unangoja.

Mada ya mjadala siku hiyo ilikuwa usafi. Mwalimu akaiandika ubaoni. Zamu yangu ilipofika nikanyoosha mkono, nikaomba ruhusa, nikamtaja Somoe. Akanitazama na kutabasamu kidogo, akaanza kuchezesha midomo, anapanga maneno yake. Nami nikauliza, kwa Kiingereza, polepole ili kila mtu asikie isipokuwa yeye: kwa nini unanuka?

Nilikuwa nimelijua neno la kunuka tangu jana yake. Nililitafuta kwenye kamusi ya mwalimu. Naona niseme na hilo, nisijifanye kwamba lilinitoka tu kwa hasira ya asubuhi. Asubuhi ilinipa sababu, neno nilikuwa nalo tayari.

Darasa lilivuta pumzi. Mwalimu Kisanga aliinua nyusi, akatazama ubaoni penye neno usafi, akasema, "Swali zuri. Linahusu mada." Mimi nikakaa chini. Somoe aliponiona nimekaa, akasimama wima kama tulivyofundishwa, mikono nyuma, akanitazama machoni. Akashukuru kwa swali langu. Kisha akajibu, neno kwa neno, bila kukosea hata moja: kwa sababu nataka kuwa nesi, nimtibu bibi yangu.

Sijawahi kusikia kicheko kama kile tena. Watu walilala sakafuni. Mwalimu aligeukia ubao, mabega yanatikisika. Ananuka kwa sababu anataka kuwa nesi. Somoe alisimama katikati ya kicheko kile, bado anatabasamu, anageuka huku na huku akidhani amechekesha kwa kujibu vizuri. Tabasamu liliondoka polepole sana. Aliniangalia mimi peke yangu sicheki, na hapo ndipo alipojua.

Mwalimu alimpa nafasi ya pili, akamtafsiria swali kwa Kiswahili, akamtaka ajibu kwa Kiingereza. Na jibu alikuwa nalo. Kila mtu mle ndani alikuwa nalo: salfa, alfajiri, mjomba, maji hakuna. Neno lenyewe la salfa lina mizizi ya Kiingereza, angelitamka tu vile alivyolitamka kila alfajiri shambani, mwalimu angelielewa na kiti kingebaki. Hakujua kwamba analo. Mimi nilijua na nikanyamaza. Akajaribu kwa Kiswahili, "Mwalimu, mimi huwa nampelekea mjomba..." na fimbo ikagonga meza. Kiswahili si jibu. Akatoa mji.

Nilikaa kwenye kiti cha Somoe. Kilikuwa bado na joto lake, na chembe za njano kwenye mwanya wa ubao. Nilikaa vizuri, nikaegemea. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Njiani kurudi nyumbani aliniwahi kwenye njia ya mihogo. Nilidhani atanipiga, nikajiandaa. Hakunipiga. Alisema, "Fatu, mjomba asijue. Ijumaa nitakuuliza mimi. Ushindwe tu, unirudishie. Kisha nitakaa nawe nusu kwa nusu hata mwalimu akiwepo." Nikamwambia sawa. Akasema, "Niapie." Nikaapa kwa unyago wetu, kitu ambacho hakiapiwi ovyo. Wiki nzima alikwenda shuleni akikariri swali moja tu: kwa nini mvua inanyesha? Nililitunga mimi mwenyewe, nikamfundisha kulitamka.

Ijumaa ikafika. Alinyoosha mkono wa kwanza kabisa, kutoka chini, na sketi yake sasa ina zile alama mbili. Akauliza vizuri. Mimi nikasimama, nikashukuru. Kilichobaki ni kunyamaza. Hesabu mpaka tatu, tikisa kichwa, inuka, mpishe. Nilikuwa nimejipanga hivyo, naapa. Lakini darasa zima lilikuwa linanitazama, na mwalimu alikuwa ameegemea mlango, anangoja, kwa uso ule wa mtu anayejua kwamba utaweza. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile, si baba, si mama. Kinywa kikafunguka chenyewe. Nikasema jua linapasha maji, maji yanakuwa mvuke, mvuke unakuwa mawingu. Mwalimu akawaambia wanipigie makofi, na walipiga.

Somoe naye alipiga. Ilikuwa amri, kila mtu alipiga.

Siku mbili tatu baadaye, katikati ya kipindi, mlango ukazibwa na mtu amebeba fremu ya dirisha begani. Kamati ya shule ilikuwa imempa mjomba wa Somoe kazi ya kutia madirisha. Tukasimama wote. "Shikamoo." "Marahaba, kaeni." Wa viti wakakaa kwenye viti, wa chini wakakaa chini. Somoe alijaribu kubaki amesimama nyuma ya wavulana warefu, lakini walikaa, naye akabaki ameonekana mzima, akashuka polepole sakafuni.

Mjomba akaitua fremu. Akatembea mpaka mbele yangu. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, ananuka salfa kichwa mpaka miguu.

"Kiti hiki cha nani?"

Nilisema, "Changu."

"Aliyekitengeneza ni nani?"

Nikamgeukia mwalimu. Mwalimu Kisanga akaja kwa furaha, akamsalimia, akamweleza. Fundi, hii ni njia mpya, watoto wanaulizana kwa Kiingereza, anayeshindwa anatoa mji, wenyewe ndio waliobuni. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mtoto wangu aliulizwa nini?"

"Fatu," mwalimu akasema, "mweleze fundi kwa Kiswahili."

Nilisimama. Nilitamani Kiswahili kinipotee kama Kiingereza kilivyompotea mwenzangu. Hakikupotea. "Nilimuuliza kwa nini ananuka."

Mjomba hakukasirika. Alishusha macho kwenye mkono wa shati lake, ulikuwa wa njano mpaka kwenye kiwiko. Akamgeukia Somoe. "Na wewe ukajibu nini?"

Somoe alisimama wima, mikono nyuma, akamtazama mjomba wake machoni, kama tulivyofundishwa.

"Nilisema nataka kuwa nesi."

Mmoja akacheka huko nyuma, kisha akaacha. Mjomba akamuuliza mwalimu kama haya ndiyo masomo yenyewe. Mwalimu akasema wanajifunza kuuliza na kujibu, fundi, huo ndio msingi wa elimu. Mjomba akasema, "Sawa."

Akaanza kazi. Kipindi kizima alitia lile dirisha moja, akapima, akagonga, akapima tena, nasi tumekaa tunasikiliza nyundo. Alipomaliza akafungua na kufunga mara mbili kuona kama linakwama. Halikukwama. Akaja kwangu akasema kwa upole kabisa, "Inuka, mwanangu." Nikainuka. Akabeba meza, akabeba kiti, akavifunga nyuma ya baiskeli yake nje kwa kamba ya mpira. Kisha akaita mara moja tu, "Somoe." Alikusanya madaftari yake manne, akapita katikati yetu, akatoka.

Dirisha jipya lilikuwa upande wangu. Kitu cha kwanza nilichokiona kupitia dirisha lile ni baiskeli inasukumwa, kiti kimepinduliwa miguu juu, na Somoe anafuata nyuma ameshika mguu mmoja wa kiti kisianguke. Hakugeuka. Nikakaa chini, kwenye udongo. Mwalimu Kisanga alikohoa, akashika chaki, akasema, "Tuendelee. Nani ana swali?"

Hakuna aliyenyoosha mkono, na safari hii hakutuchapa.

Nilisoma nikafika. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sasa, tena nasifiwa, naitwa kwenye semina kuonyesha wenzangu namna ya kuwafanya watoto waulize na kujibu kwenye mijadala. Nawaambia sijui ni jibu halali. Nawaambia swali si jiwe. Watoto wangu wanaongea, kweli wanaongea, na akinyoosha mkono msichana mwenye midomo inayochezacheza nampa nafasi na kungoja. Mtu anaweza kudhani nimelipa. Hizi ni ngonjera tu za kujipoza. Aliyestahili kulipwa hakuwamo darasani.

Mwaka jana mama yangu alilazwa hospitali ya Mkomaindo. Asubuhi ya kwanza nilitoka getini kumtafutia uji, nikaelekezwa kwa Mama Hawa, ndiye mwenye uji msafi, wauguzi wote wanakunywa kwake. Nilimtambua kabla hajainua kichwa, kwa namna alivyosogea kumpisha mtu kwenye benchi na kugonga ubao kwa kiganja. Alinihudumia, akaniita mama, akanipa pole ya mgonjwa. Asubuhi ya pili vilevile. Manesi walisimama kwa nguo zao nyeupe wakinywa, naye akiwatania, anawajua wote kwa majina.

Asubuhi ya tatu nilishindwa. Nilisimama na kikombe changu, nikasema kwa sauti ndogo, "Somoe. Ni mimi, Fatu. Hivi uliwahi kunisamehe?"

Aliweka kata chini. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mgongo, akarudisha mikono nyuma, akanitazama machoni. Na kwa Kiingereza safi, bila kukosea neno hata moja, akasema, "Thank you for your question."

Nilisubiri. Kama mjinga nilisimama pale nikidhani jibu linafuata. Somoe akaokota kata yake, akamtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu.

"Karibu dada. Wa ulezi au wa mchele?"